UZI: Vituko vya besiboli, na jini la tarehe 4 Agosti

#1 Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wenye mikeka ya leo tulizeni mshono kidogo, uzi huu hauna Simba wala Yanga.

Nipo Ohio mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Miaka miwili ya mwanzo niliiona besiboli kama mchezo wa watu waliokosa shughuli. Watu wazima wamesimama uwanjani, mmoja anatema maganda ya alizeti, mwingine anajikuna, dakika tano zinapita hakuna kilichotokea, na watu wamelipa kiingilio. Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa kazini kwetu, mzaliwa wa Cleveland. Hakunifundisha sheria. Alikuwa ananipa kisa kimoja kila tukikaa kula saa nane za usiku, na mimi nikirudi nyumbani naingia mtandaoni kumkagua kama ananipiga kamba. Mara nyingi nilikuta kweli tupu.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mchezo huu una makarani. Tangu karne ya 19 kila mechi inaandikwa: nani alirusha, nani alipiga, nani alitolewa na kwa namna gani. Kwa hiyo upuuzi ukitokea haupotei. Unaingia daftarini kwa mwandiko ule ule walioandikiwa mashujaa.

Kwa asiyeujua kabisa: mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo, nyuma yake amechuchumaa mdakaji. Ukipiga, unakimbia vituo: cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu nyumbani, ndipo mnapata alama. Timu zinapokezana kupiga, awamu 9. Mrushaji akikurushia mipira minne iliyopotoka, unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Unaweza pia "kuiba" kituo, yaani unachomoka mbio wakati mpira unarushwa. Aliyecheza rede utotoni ataelewa haraka kuliko aliyekulia kwenye kabumbu.

Sasa kisa cha kwanza. Tarehe 4 Agosti 1911, Washington wanacheza na Chicago White Sox, hakuna aliyepata alama. Washington wana watu wawili vituoni: Clyde Milan yuko cha tatu, na Germany Schaefer, mchekeshaji maarufu wa zama zile, yuko cha kwanza. Mpango ni wa kawaida: Schaefer aibe cha pili, mdakaji ashtuke atupe mpira huko, Milan akimbie nyumbani. Schaefer akachomoka. Mdakaji akamtazama tu, mpira mkononi. Hakuingia mtegoni.

Schaefer sasa yuko cha pili na mpango umeharibika. Mrushaji aliporusha mpira mwingine, jamaa akatimua mbio kurudi kituo cha kwanza. Ameiba kituo alichotoka! Lengo lake apate kuiba cha pili upya, huenda safari hii mdakaji akaingia tamaa. Kocha wa Chicago, Hugh Duffy, akaingia uwanjani kubishana na mwamuzi, na wakati ubishi umepamba moto Schaefer akachomoka tena. Wakamzungusha katikati ya vituo, Milan akajaribu kwenda nyumbani, akatolewa. Yaani vurugu yote ile haikuleta hata alama moja. Washington walishinda 1-0 baadaye, kwa njia za kawaida kabisa.

Leo sheria inakataza kukimbia vituo kinyumenyume kwa lengo la kuchanganya watu au kuugeuza mchezo mzaha. Sheria nyingi za besiboli ukizifuatilia utamkuta mtu mmoja mkorofi nyuma yake.

Nakuja na za 4 Agosti nyingine mbili.

#2 Kahawa Chungu

Hii ni chai, tena ya maziwa. Mtu anaiba kurudi alikotoka? Hata mwizi wa kuku hafanyi hivyo.

#3 Bi Tangawizi

Siti ya mbele, karanga ninazo. Tiririka mkuu.

#4 Zamu ya Usiku

Kahawa Chungu, kaa hapo hapo.

4 Agosti 1982. Joel Youngblood anachezea New York Mets, mchana, ndani ya Wrigley Field, Chicago. Anapiga mpira mmoja mzuri kwa mrushaji Ferguson Jenkins, unaleta alama mbili. Muda mfupi baadaye kocha anamtoa. Anafika benchi anaambiwa: umeuzwa, sasa hivi wewe ni mchezaji wa Montreal Expos, nao usiku huu wanacheza Philadelphia, wanakuhitaji. Jamaa akaoga, akakimbilia teksi. Njiani akakumbuka glovu yake kaiacha uwanjani, akarudi kuifuata, nusura ndege imwache.

Alifika Philadelphia mechi ikiwa katikati. Akavalishwa jezi mpya, akaingizwa, akapiga mpira mzuri mwingine kwa Steve Carlton. Siku moja, timu mbili, miji miwili, kila upande kapiga. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Na hao warushaji wawili, Jenkins na Carlton, wote leo wako kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Kwa hiyo siku ambayo wengine wangeitumia kulalamikia uhamisho wa ghafla, yeye aliwapiga vigogo wawili na bado akawahi chakula cha usiku.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 4 Agosti 1983, Toronto. Dave Winfield wa New York Yankees anapasha misuli kabla ya awamu kuanza. Akatupa mpira kuelekea pembeni, ukampata shakwe aliyekuwa ametulia kwenye nyasi. Shakwe akafa palepale. Kijana muokota mipira akaja na taulo, akamfunika kama maiti ya mtu, akamwondoa.

Mashabiki wakazomea, wakamtupia vitu. Mechi ilipoisha polisi walikuwa wanamsubiri. Akapelekwa kituoni kwa kosa la ukatili kwa wanyama, dhamana dola 500. Kesho yake mashtaka yakafutwa. Kocha wake, Billy Martin, alipoulizwa kama Winfield alimkusudia yule ndege, alisema hawangedai hivyo kama wangeona mipira yake mwaka mzima, maana hiyo ndiyo mara ya kwanza amempata mtu wa kupokea (yaani mwenzake anayesimama katikati kuupokea mpira).

1911, 1982, 1983. Tarehe ile ile. Mimi 4 Agosti nikiwa hapa Marekani siendi hata dukani.

#5 Kahawa Chungu

Sawa nimeingia mtandaoni, shakwe ni kweli. Naomba radhi kwa chai. Ila nimekuta kuna mwingine aliua ndege kwa mpira, huyu ni nani?

#6 Zamu ya Usiku

Huyo ni Randy Johnson, Machi 2001, Arizona, mechi ya maandalizi ya msimu. Jamaa ana kimo cha zaidi ya mita mbili na mpira wake unatembea kama jiwe la teo. Njiwa akapita mbele ya mpira kati ya mrushaji na mpigaji. Yalibaki manyoya hewani, basi. Waamuzi wakasema mpira huo haukuwepo, rudia. Johnson alipostaafu akawa mpiga picha, na nembo ya kazi yake ni ndege aliyelala chali.

#7 Bi Tangawizi

Mungu anisamehe nimecheka.

#8 Zamu ya Usiku

Hiki kinachofuata ndicho alichonipa mzee siku ya kwanza, na nikamwambia usoni kuwa ni mwongo.

19 Agosti 1951, St. Louis. Kulikuwa na timu inaitwa Browns, dhaifu kupindukia, viti vitupu. Mmiliki wake, Bill Veeck, alikuwa mtu wa sarakasi kuliko michezo. Siku hiyo zinachezwa mechi mbili mfululizo dhidi ya Detroit Tigers, na katikati yake ikaletwa keki kubwa ya maigizo. Ndani yake akatoka Eddie Gaedel, mtu mzima wa miaka 26, mwenye kimo cha sentimita 109, amevaa jezi ya Browns. Jezi yenyewe ilikuwa ya mtoto wa miaka 9 wa mmoja wa viongozi wa timu. Mgongoni namba 1/8. Ndiyo, moja ya nane.

Watu wakapiga makofi wakadhani kichekesho kimeisha. Mechi ya pili ikaanza. Zamu ya Browns kupiga ilipofika, akatoka Gaedel na kigongo chake kidogo akaenda kusimama mahali pa mpigaji. Mwamuzi akaita kocha: hii nini? Kocha akatoa mkataba mfukoni, umesainiwa, umesajiliwa ligi. Hakuna sheria inayosema mchezaji awe na kimo gani. Mwamuzi akasema chezeni.

Sasa fikirieni masikini mrushaji, Bob Cain. Mpira ili uwe halali lazima upite kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Kwa Gaedel aliyeinama, eneo hilo halizidi upana wa kiganja. Mdakaji akapiga magoti kabisa. Cain anacheka huku anarusha, mpira wa kwanza juu, wa pili juu, wa tatu, wa nne. Gaedel akatembea bure hadi kituo cha kwanza, njiani akisimama kuinama kwa mashabiki mara mbili, na huko akapumzishwa akaingia mwingine kukimbia badala yake. Veeck alisimulia baadaye kwamba alimtisha: ukithubutu kulizungusha hilo gongo, kuna mtu juu ya paa na bunduki.

Kesho yake rais wa ligi akaufuta mkataba. Lakini kwenye kumbukumbu Gaedel yumo: alisimama kupiga mara 1, alifika kituoni mara 1, asilimia mia moja. Hata Babe Ruth, gwiji wa wapigaji, hana hiyo.

#9 Mwana wa Ukerewe

Nimesoma kimya kimya tangu juu lakini hapa nisimame. Hii mnacheka, mimi inanikera. Mtu kazaliwa na kimo kifupi, wanamtoa kwenye keki kama mwanasesere, wanamtishia bunduki, kesho yake wanamfuta. Kicheko ni cha nani hapo?

#10 Zamu ya Usiku

Mkuu, sikupingi. Hata mimi kisa hiki nilikicheka mara ya kwanza, mara ya pili nikakisoma mpaka mwisho.

Gaedel alilipwa dola 100 kwa kazi ile. Alifariki Juni 1961, Chicago, miaka 36, baada ya kushambuliwa na kupigwa akitoka matembezini. Katika watu wote wa besiboli, aliyekwenda kumzika alikuwa mmoja: Bob Cain, yule mrushaji wa mipira minne ya juu. Hawakuwa marafiki wala hawakuwahi kukutana tena baada ya siku ile. Alikwenda tu, kwa kuona si sawa kukosa mtu.

#11 Mwana wa Ukerewe

Huyo Cain ni mtu. Endelea.

#12 Kahawa Chungu

Mzee wako wa Cleveland hajakupa ya kwao? Nasikia kuna siku bia iliuzwa senti kumi.

#13 Zamu ya Usiku

4 Juni 1974. Bia za kawaida zilikuwa senti 65, usiku ule wakauza senti 10, na ukifika dirishani unaruhusiwa kuchukua sita kwa mkupuo. Hakuna aliyekuzuia kurudi kwenye foleni. Wakaja watu 25,134. Mzee wangu anadai alikuwepo, ila yeye mwenyewe anakiri kila mtu wa Cleveland wa rika lake anadai alikuwepo, kwa hiyo elfu ishirini na tano hao sasa wamefika laki.

Watu walivamia uwanja mmoja mmoja tangu mapema, wengine uchi. Awamu ya 9 Cleveland wakasawazisha, 5-5, na walikuwa na nafasi ya wazi ya kushinda. Wakati huo huo shabiki akaingia kumnyang'anya kofia Jeff Burroughs wa Texas Rangers. Burroughs akateleza. Kocha wa Texas benchini akadhani mchezaji wake kapigwa, akawaongoza vijana wake kuingia na magongo. Umati ukawazunguka. Ndipo wachezaji wa Cleveland nao wakashika magongo na kuingia uwanjani kuwaokoa wapinzani wao dhidi ya mashabiki wao wenyewe. Mwamuzi akavunja mechi, ushindi wakapewa Texas.

Kocha wa Texas ni nani? Billy Martin, yule yule wa mzaha wa shakwe.

#14 Jirani wa Kampala

Habari za jioni ndugu zangu. Kiswahili changu nilikipata Mombasa, mnivumilie. Mnaongea Marekani tu, na huku kwetu kuna mambo. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Pennsylvania, wangekuwa timu ya kwanza ya Afrika. Wakanyimwa viza sababu ya karatasi za umri. Nafasi ikaenda kwa wengine, na timu ya Kanada, kutoka Langley, waliotakiwa kucheza nao wakabaki na mechi isiyochezwa. Unajua walifanya nini? Januari 2012 wakapanda ndege wakaja Uganda kuicheza!

Agosti 2012 watoto wa Lugazi wakafuzu, wakapewa viza, wakaenda. Walifungwa za mwanzo lakini wakawapiga watoto wa Oregon 3-2. Hiyo ndiyo mara ya kwanza timu ya Afrika kushinda mechi kule.

#15 Zamu ya Usiku

Jirani, asante sana, hii ya Langley sikuijua. Nami nikuongezee: Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, na Pittsburgh. Mara yake ya kwanza kusimama kupiga, akapiga safi. Dar nako mchezo upo kwenye baadhi ya shule, Wajapani ndio waliosaidia kuuleta.

#16 Bi Tangawizi

Turudishe kwenye upuuzi jamani, nina karanga bado.

#17 Zamu ya Usiku

Haya, kiazi.

Agosti 31, 1987, ligi ya madaraja ya chini, Williamsport, Pennsylvania. Mdakaji wa akiba anaitwa Dave Bresnahan. Wastani wake wa kupiga ni .149, kwa lugha yetu ni mtu wa kuombewa. Timu yake haina tena cha kugombea, msimu unaisha. Basi kijana akachukua kiazi mviringo, akakimenya, akakichonga mpaka kikafanana na mpira.

Awamu ya 5 mpinzani ana mtu kituo cha tatu. Bresnahan akamwambia mwamuzi glovu yake imekatika, anaomba akabadilishe. Akarudi na glovu nyingine, kiazi kimo ndani. Mpira ukarushwa, akaudaka kwa glovu, halafu kwa mkono mwingine akakitupa kiazi kwa nguvu kuelekea kituo cha tatu, juu ya kichwa cha mwenzake, kikapotelea kwenye majani. Mkimbiaji kuona "mpira" umepotea, akaja nyumbani anatembea kwa raha zake. Anafika, Bresnahan yuko pale anamngoja, anamgusa na mpira halisi. Umetoka!

Waamuzi wakakimbia kule kwenye majani, wakarudi na kiazi. Hawakucheka. Wakampa mkimbiaji alama yake. Kocha akamtoza faini Bresnahan, dola 50, na kesho yake timu ikamwachisha kazi. Hakucheza tena.

Lakini mwaka uliofuata klabu ile ile ikamwita, ikaistaafisha jezi yake namba 59, isivaliwe na mtu. Kiingilio siku hiyo kilikuwa dola 1 na kiazi kimoja, naye akakaa kusaini viazi vya watu. Alisema Lou Gehrig, nguli wa zamani, ilibidi acheze mechi 2,130 mfululizo ndipo jezi yake istaafishwe, yeye ametupa kiazi tu.

#18 Kahawa Chungu

Hiki ndicho kisa bora cha uzi. Nafunga mjadala.

#19 Zamu ya Usiku

Bado kimoja, kisha naingia kazini.

Besiboli ya Marekani kwa kawaida haina sare. Mkiwa sawa baada ya awamu 9 mnaongeza moja moja mpaka mmoja aanguke. Jumamosi ya kuamkia Pasaka, 18 Aprili 1981, mji mdogo wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island, wenyeji wanacheza na Rochester. Ligi ilikuwa na kanuni ya kuzuia mechi kupitiliza usiku, ila mwaka ule kijitabu cha waamuzi kilichapwa bila hicho kifungu. Wakasema hatuna ruhusa ya kusimamisha. Wakaendelea.

Baridi ilikuwa kali, wachezaji wakavunja magongo mabovu wakakoka moto benchini. Awamu ya 21 Rochester wakapata alama, watu wakaanza kukusanya mizigo. Wade Boggs wa Pawtucket akasawazisha. Alisema hakujua kama wenzake wanataka kumkumbatia au kumzaba. Rais wa ligi alipopatikana kwa simu, mechi ikasimamishwa saa 10:07 alfajiri, awamu 32, bado sare. Mashabiki waliobaki: 19. Wote wakapewa tiketi za bure.

Ilimaliziwa 23 Juni. Wakati huo ligi kuu ilikuwa kwenye mgomo, waandishi wa habari hawana pa kwenda, wakamiminika wote Pawtucket. Ikaisha kwa dakika 18, Pawtucket 3-2.

Ila kisa cha usiku ule ni cha Luis Aponte, mrushaji wa Pawtucket. Alimaliza kazi yake mapema, akaruhusiwa kuondoka, akafika kwake usiku wa manane umeshapita. Mkewe nyuma ya mlango: ulikuwa wapi? Uwanjani, mke wangu, tunacheza. Besiboli gani saa hizi! Akamwambia basi subiri, kesho utaiona gazetini. Gazeti la Jumapili lilikuwa limeshachapwa mechi ikiwa bado inaendelea. Matokeo hayamo. Jamaa ikabidi asubiri Jumatatu.

#20 Bi Tangawizi

Angekuwa wangu angelala nje mpaka hiyo tarehe 23 Juni.